Nyuzi za mkonge ndani ya saruji: kuandaa mradi wa klabu ya sayansi, Tanga

"Matumizi ya mkonge katika ujenzi" ni kichwa cha habari tu, bado hakijawa swali la mradi. Klabu inayokwenda mashindanoni na kichwa kama hicho hujikuta ina bango zuri lisilo na kipimo hata kimoja. Swali ambalo wanafunzi wanne wanaweza kulijibu kwa ndoo, mizani na rula ni hili: kibao chembamba cha saruji na mchanga kikitiwa nyuzi za mkonge, kinabeba mzigo kiasi gani kabla ya kupata ufa, na kiasi gani baada ya ufa? Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye mradi wenyewe, na tutaona kwa nini.

Anzeni na kalenda. Saruji kwa kawaida hupimwa ikiwa na siku 28, na hakuna njia ya kuziharakisha. Ongezeni wiki moja ya kuandaa nyuzi na fremu, moja ya kupima na kukokotoa, mbili za bango na mazoezi ya kujieleza, na moja ya dharura: jumla wiki tisa kabla ya siku ya shindano. Hakikisheni siku ya 28 haiangukii likizo ya Juni. Angalau hesabu ya siku ni rahisi: mkimwaga Jumatano, mtapima Jumatano.

Nyuzi. Ombeni majani kwenye shamba la mkonge lililo karibu, au ombeni nyuzi zilizokwisha kupita korona (mashine ya kuchambua nyuzi kutoka kwenye majani). Jani bichi hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito wake, kwa hiyo kilo mbili za majani zinatosha mradi mzima. Kateni mwiba wa ncha kwanza, ponda jani kwa gongo, kisha kwangueni juu ya ubao kwa mgongo wa kisu. Vaeni glavu, maana maji ya jani bichi yanawasha vibaya. Osheni nyuzi mara kadhaa, mara ya mwisho kwa maji ya moto, kwa sababu jani lina sukari na sukari huchelewesha saruji kushika. (Ndiyo maana pia ndoo iliyotoka kubeba juisi haifai kuchanganyia.) Anikeni zikauke, kisha zikateni vipande vya sentimita 2. Vikiwa virefu sana vinajisokota madonge, vikiwa vifupi sana vinachomoka bila kushika kitu. Msitumie kamba ya dukani iliyofumuliwa: kiwandani hutiwa mafuta wakati wa kusokota, na mafuta hayo yanazuia saruji kuishika.

Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa na kuoshwa. Wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, lakini una chumvi na vipande vya makombe, na kiasi chake hubadilika kutoka ndoo moja hadi nyingine. Uanikeni ukauke kabisa kabla ya kupima, la sivyo mtakuwa mnaongeza maji msiyoyahesabu. Saruji nunueni ya kupima, lakini mwambieni muuzaji awafungulie mfuko mpya. Kwa unyevunyevu wa pwani, mfuko uliokaa wazi huanza kufanya mabonge, na saruji ya mabonge imekwisha kupoteza nguvu.

Fremu ni vipande vya mbao vyenye kimo cha milimita 12 vilivyopigiliwa juu ya plaiwudi iliyotandikwa nailoni. Kila chumba kiwe na urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 8. Tengenezeni fremu nne zenye vyumba sita kila moja, mzipake mafuta ya kula kwa kitambaa, kidogo tu.

Michanganyiko ni minne, yote ya siku moja na ya mfuko mmoja wa saruji. Kila mmoja una saruji kilo 1, mchanga kilo 3 na maji gramu 500. Kinachobadilika ni nyuzi peke yake: gramu 0, 10, 20 na 30, yaani asilimia 0, 1, 2 na 3 ya uzito wa saruji. Pimeni nyuzi zikiwa kavu, kisha ziloweshwe na kukamuliwa kabla ya kutumika, kwa sababu nyuzi kavu hunywa maji ya saruji. Changanyeni saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, tieni robo tatu ya maji, halafu nyuzi kidogo kidogo kwa kuzichambua kwa vidole, na maji yaliyobaki mwisho. Mikono iwe na glavu hapa pia, saruji mbichi inaunguza ngozi.

Sasa hapa ndipo miradi mingi inapoharibika. Mchanganyiko wa gramu 30 utaonekana mgumu na mkavu, na mtu atasema, "Ongeza maji kidogo." Msiongeze. Maji yakizidi, kibao kinapungua nguvu, na mwishoni hamtajua kama kilidhoofishwa na nyuzi au na maji. Jaji anayejua saruji atauliza hilo mapema sana. Dawa yake ni kushindilia zaidi: jazeni nusu, gongeni chini ya plaiwudi ili hewa itoke, jazeni tena, kisha sawazisheni kwa ubao ulionyooka.

Funikeni kwa nailoni. Baada ya saa 24 toeni vibao, viandikeni namba (0A, 1A, 2A na kuendelea), mvizamishe vyote majini mpaka siku ya kupima. Vipimwe vikiwa vimefutwa tu, vyote katika hali moja.

Kupima: wekeni vipande viwili vya nondo sambamba juu ya meza mbili, umbali wa sentimita 25 kutoka kimoja hadi kingine. Lazeni kibao juu yake. Katikati ya kibao wekeni kipande kingine cha nondo, na kwenye kipande hicho mfunge kamba ya ndoo ya lita 20. Ndoo ining'inie sentimita tano tu juu ya gunia, na wote wawe wamevaa viatu vya kufunika. Mimineni maji nusu lita kwa nusu lita, mkisubiri sekunde tano kila mara. Lita moja ni kilo moja, ila msisahau kuongeza uzito wa ndoo, kamba na nondo ya juu.

Andikeni namba mbili: mzigo ulipotokea ufa wa kwanza, na mzigo wa mwisho kabla ya kibao kuachia. Kisichokuwa na nyuzi hukatika ghafla, namba zote mbili ni moja. Chenye nyuzi hupata ufa, kikapinda, na nyuzi zinaonekana zimevuka ufa zikiwa zimekaza. Msishangae ufa wa kwanza ukitokea karibu na mzigo uleule kwa makundi yote, au hata mapema kidogo kwa gramu 30. Nyuzi fupi kwa kiasi hiki haziongezi sana nguvu ya kabla ya ufa, kazi yake kubwa inaanza baada yake. Klabu iliyoandika namba moja tu hurudi ikisema mradi umeshindwa, kumbe jibu lilikuwa kwenye namba ambayo haikuandikwa.

Nguvu ya kupinda ni 3FL ÷ 2bh², ambapo F ni mzigo kwa nyutoni, L umbali kati ya nondo mbili za chini, b upana wa kibao na h unene wake. Mzigo wa kilo 12 ni nyutoni 120 hivi. L ikiwa milimita 250, b 80 na h 12, jibu ni 3.9 N/mm². Angalieni h ilivyopandishwa kipeo cha pili: kibao chenye milimita 13 badala ya 12 hubeba zaidi kwa takriban asilimia 17 bila msaada wa uzi wowote. Kwa hiyo pimeni unene palipokatika, sehemu tatu, kwa venia ya maabara (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi), mtumie wastani wa kibao hichohicho.

Pimeni vitano kwa kila kundi, cha sita kiwe cha maonyesho. Kwenye bango wekeni wastani pamoja na namba ya chini na ya juu. Kibao kilichotoka tofauti kibaki kwenye jedwali na sababu mnayoidhani. Historia ya Richard Hindorf, aliyeleta mkonge Tanga, na miche 62 iliyofika hai mwaka 1893 ipeni sentensi moja. Majaji wa Tanga wanaijua. Daftari la kumbukumbu liwe lilelile lenye madoa ya saruji, msinakili jipya.

Swali moja lijiandaeni nalo mapema: nyuzi zitadumu? Saruji ina ualikali mkali, pH zaidi ya 12, ambao polepole hula kinachoshikanisha uzi, hasa pakiwa na kulowa na kukauka kwa zamu, na uzi unakuwa wa kukatika. Siku 28 haziwezi kujibu hilo, semeni hivyo waziwazi. Mkitaka hatua inayofuata, badilisheni sehemu ya saruji kwa majivu ya pumba za mpunga yaliyosagwa laini, ambayo hupunguza ualikali huo.

Vibao vya maonyesho vifungeni kwa magunia, vikisimama kwa ubavu, na visipakiwe chini ya mabegi. Vipande viwili vya kibao kisicho na nyuzi viwekeni mezani kando ya kile kilichopinda bila kuachana, na mumwache jaji akishike mwenyewe.