Kusoma vitabu kwenye kishikwambi: anza na faili, programu baadaye

Mwalimu mwenzangu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, aliniwekea kishikwambi chake mezani. "Mwalimu, chukua mzigo wako. Haya mambo ya kusoma kwenye kioo ni ya ninyi vijana. Mimi macho yamekataa."

Nikamwomba anioneshe anavyosoma. Alikuwa na riwaya ya Kiingereza ya PDF, kurasa mia tatu na kitu, herufi ndogo kama punje za ulezi. Akizikuza, mstari unatoka nje ya kioo. Anausukuma kushoto amalizie sentensi, anaurudisha aanze mstari wa pili, na hivyo hivyo mpaka chini. Kwa mwendo huo hata mwanafunzi wa kidato cha pili angechoka kabla ya ukurasa wa kumi.

Macho yake hayakuwa na neno. Nilimpakulia riwaya ileile ikiwa EPUB, aina nyingine ya faili la kitabu, nikakuza herufi mara moja tu, nikamrudishia. Baada ya wiki mbili alikuja kudai nyingine.

Tangu hapo, anayeniuliza "nipe programu nzuri ya kusomea" namrudisha nyuma kwanza tuzungumze faili. Walimu wengi wa Tanzania tuna vishikwambi siku hizi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa shuleni, na vingi vinaishia kwenye WhatsApp na mpira. Hatua zangu ni za Android. Mwenye iPad tayari anayo programu ya Books, inayofungua EPUB na PDF, kwa hiyo aruke hatua ya pili.

Hatua ya 1: Tazama mwisho wa jina la faili

Kila faili lina mkia baada ya nukta. Mikia miwili ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

PDF ni ukurasa uliogandishwa. Aliyeutengeneza alifikiria karatasi, mara nyingi A4, na wewe unaulazimisha uingie kwenye kioo chenye ukubwa wa daftari dogo. Huwezi kuukuza bila kuukata.

EPUB kwa ndani ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja kama mzigo wa zip. Maneno yanajimwaga kufuata kioo ulichonacho, kama uji kwenye bakuli: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya na kurasa zinaongezeka. Ndiyo maana kitabu cha kurasa 200 kinaweza kusoma 340 kwako na 260 kwa jirani yako. Usishtuke, ni kitabu kilekile.

Kwa hiyo kitabu cha maneno matupu, yaani riwaya, wasifu au historia, tafuta EPUB. Kitabu cha picha, majedwali au hesabu, chukua PDF, kwa sababu picha na maelezo yake yanabaki yamekaa pamoja.

Ukiona mkia wa .apk, hicho si kitabu hata kikiitwa jina la riwaya unayoitafuta mwaka mzima. Ni programu inayotaka kuingia kwenye kifaa chako. Ifute.

Hatua ya 2: Weka programu moja tu

Fungua Play Store, andika ReadEra, sakinisha. Ni ya bure, haina matangazo, haikudai ujiandikishe, na inafungua EPUB na PDF hata ukiwa huna bando. Ukiifungua mara ya kwanza itaomba ruhusa ya kuona mafaili. Ikubalie, bila hivyo haitakiona kitabu chochote.

Zipo nyingine nzuri. Lakini nimeona watu wana programu nne za kusomea na hawajamaliza kitabu kimoja, kila kitabu kimefunguliwa kwenye programu tofauti na hawakumbuki walifika wapi.

Hatua ya 3: Chagua kitabu cha kwanza

Hapa ndipo watu hukimbilia magrupu ya Telegram. Vitabu vingi vya huko ni vya waandishi walio hai, vimepigwa picha na kutupwa humo bila wao kujua. Waandishi wetu wa Kiswahili wanauza nakala chache mno kuanza kuibiwa na sisi tunaojiita wapenzi wa lugha. Halafu picha zenyewe zimepinda, na kidole cha mpigaji kimo.

Vya halali na vya bure vipo vingi. Kama una watoto au unafundisha madarasa ya chini, anza na African Storybook (africanstorybook.org), mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Chagua lugha ya Kiswahili, na hadithi zimepangwa kwa viwango, kuanzia maneno machache kwa kila picha. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza 2015, nayo ina hadithi za Kiswahili. Vyote viwili hutoa hadithi zake kwa leseni huria, maana yake unaruhusiwa kuzipakua na kuzigawa.

Vitabu vya kiada vipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ol.tie.go.tz. Hivyo ni vya kazi, si vya kulalia.

Anayesoma Kiingereza aende Project Gutenberg (gutenberg.org). Ilianza 1971 pale Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipochapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya chuo ili wengine wapate nakala. Leo ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha kule Marekani. Cha Kiswahili huko ni kidogo sana, usiende na matumaini makubwa.

Maandishi ya zamani ya Kiswahili utayapata zaidi Internet Archive (archive.org). Kwa mfano, zipo hadithi za Unguja alizokusanya Edward Steere, zilizochapwa London mwaka 1870. Ila hapa kanuni yangu ya EPUB inageuka. Vitabu vya huko vilipigwa picha, na EPUB yake mara nyingi imetengenezwa na mashine iliyojaribu kuzisoma picha hizo. Mashine inachanganya herufi, na namba za kurasa zinaingia katikati ya sentensi. Kwa vitabu hivi vumilia PDF.

Hatua ya 4: Pakua

Tuchukue Gutenberg kama mfano. Tafuta jina la kitabu, fungua ukurasa wake, utaona orodha ya aina za faili. Gusa iliyoandikwa EPUB3, na kama bando limebaki la kubangaiza, gusa EPUB isiyo na picha. Kabla ya kugusa soma ukubwa pembeni. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 1. Kitabu kilichopigwa picha kinaweza kuvuka MB 50, na hicho subiri bando la usiku.

Subiri taarifa juu ya kioo iseme faili limekamilika. Watu wengi hugusa mara tatu wakidhani halijaitika, wakaishia na nakala tatu. Kisha fungua ReadEra, na kitabu kitakuwa kimejitokeza chenyewe. Kisipojitokeza, ingia kwenye programu ya mafaili, folda ya Download, likandamize faili kidogo na uchague kulifungua kwa ReadEra.

Hatua ya 5: Tengeneza ukurasa wako

Fungua kitabu, gusa katikati ya kioo, menyu itatokea. Kuza herufi mpaka uweze kusoma kishikwambi kikiwa mapajani, si mbele ya pua. Ongeza nafasi kati ya mistari kidogo. Usiku chagua ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, na mchana ule wa rangi ya karatasi iliyozeeka ndio ninaoupenda mimi. Zima kujizungusha kwa kioo kama unasoma umelala ubavu, la sivyo kila ukigeuka na ukurasa unageuka nawe.

Halafu weka hali ya ndegeni. Kitabu hakihitaji mtandao, na grupu la ukoo linaweza kusubiri nusu saa.

Hatua ya 6: Ukibanwa na PDF

Kilaze kishikwambi, upana uwe mkubwa. Kwenye menyu ya ReadEra kata kingo nyeupe za ukurasa, na hapo tu herufi zinanenepa. Kama kitabu kilipigwa picha kurasa mbili kwa pamoja, kuna chaguo la kuonesha safu moja moja. Haitakuwa raha ya EPUB, lakini hutasukuma tena mistari huku na huko.

Hatua ya 7: Vitoe vitabu kwenye folda ya Download

Niliwahi kusakinisha programu ya kusafisha simu, ikaniambia nina "takataka" nyingi, nikakubali. Takataka zenyewe zilikuwa vitabu vyangu kumi na saba. ReadEra haihifadhi nakala yake, inasoma faili pale lilipo, na faili likiondoka kitabu kimeondoka.

Tengeneza folda, iite Vitabu, na kila ukipakua hamishia huko. Kama una kadi ya memori, weka nakala ya pili humo.

Hatua ya 8: Kumpa mwenzako

Kwa vile vya leseni huria, tumia Bluetooth au Quick Share mkiwa mmekaa pamoja, hakuna bando linalokatwa. Kwa WhatsApp, gusa alama ya kibanio, chagua Hati, kisha faili lenyewe. Wakati mwingine likifika upande wa pili mkia wake umekuwa .zip, maana EPUB kwa ndani ni zip kweli. Mwambie asilifungue kwa kulipasua. Alibadilishe jina tu, afute zip aandike epub, na ReadEra itaiona.