Kununua msumeno wa moto uliotumika: ukute ungali baridi

Mie nakata kuni upande wa Konde, kaskazini ya Pemba. Wateja wangu ni wenye matanuri ya mikate na watu wa harusi, maana pilau la watu mia tatu huku halipikwi kwa gesi. Misumeno ya moto (hii ya injini na cheni) niliyowahi kuwa nayo ni mitatu, na yote niliinunua imeshatumika. Wa mwanzo ulinitia hasara. Nilipofika kwa muuzaji alikuwa keshauwasha, ukashika kwa mvuto mmoja mbele ya macho yangu, nikatoa pesa. Asubuhi ya pili nilivuta kamba mpaka bega likaniuma, na haukuwaka.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kukata nini

Kuni nyingi za kwetu ni za miembe iliyoangushwa na upepo, mivinje, mifenesi na mikarafuu iliyokufa. Kwa hizo, injini ya cc 45 hadi 60 yenye upanga wa inchi 16 au 18 inatosha (upanga ni hilo bapa la chuma linalozungukwa na cheni). Vile vidogo vya cc 30 ni vya kupunguzia matawi. Vipeleke kwenye mvinje mkavu kila siku uone vitafika wapi. Na 070 ya kampuni ya Stihl, lile dude la cc 106 ambalo kila mtu hulisifia, ni la kuangushia miti mikubwa na kupasulia mbao. Ukilibeba kutwa nzima kwa ajili ya kuni, usiku hulali kwa kiuno. Anayekata minazi naye ajue kwamba gamba lake gumu linafuta meno ya cheni upesi, kwa hiyo atenge pesa ya tupa.

Pita pia ofisi ya misitu ya wilaya yako kabla ya kununua, uulize habari ya kibali cha msumeno wenyewe na cha miti utakayokata. Msumeno wa moto si jembe. Mikoko ndiyo usiiguse kabisa.

Hatua ya 2: Gusa silinda kabla hujasalimiana sana

Mpigie muuzaji simu umwambie asiuwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ukikuta pana joto, mwambie, "Ami, mie naenda kunywa chai, ukipoa nitarudi." Injini iliyochoka huwaka vizuri ikiwa ya moto na hukataa ikiwa baridi, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe.

Ungali baridi na umezimwa, unyanyue kwa mpini wa kamba ya kuwashia, uuache uning'inie. Wenye kompresheni nzuri (yaani injini ingali inabana hewa sawasawa) utashuka kidogo kidogo, kwa kukwamakwama. Ukiporomoka moja kwa moja kama ndoo ya kisimani, kompresheni imekwisha. Iliyo na kitufe cha kulegeza kompresheni, hakikisha hakijabonyezwa, usije ukausingizia mzima.

Hatua ya 3: Fungua ekzosi

Hapa ndipo pa kutulia, hata muuzaji akinuna. Ekzosi (kitoleo cha moshi) hushikwa na skrubu au nati mbili tatu tu. Stihl nyingi hufunguka kwa ufunguo wa nyota wa T27, nami huwa nao mfukoni. Itoe, umulike kwa tochi ya simu kwenye tundu la moshi, kisha vuta kamba taratibu uone ubavu wa pistoni ukipanda na kushuka. Ukiwa laini na unang'aa, umepata mashine. Ukiona michirizi iliyosimama wima, kama kucha za paka, funga ekzosi yako na umuage mwenyewe kwa adabu. Pistoni imeliwa, silinda nayo pengine hivyo hivyo, na spea zake pamoja na fundi zinaweza kukaribia bei uliyotajiwa.

Michirizi hiyo hutokana na petroli isiyochanganywa na oili ya kutosha. Kwetu ipo na sababu nyengine: watu hutia oili ya mashine za boti, kwa kuwa ndiyo iliyo jirani. Oili ile, yenye maandishi ya TC-W3, ni ya injini zinazopozwa kwa maji. Msumeno hupozwa kwa hewa na huchemka zaidi. Kwa hiyo muulize mwenyewe, kama mazungumzo tu, "Unachanganya na oili gani?" Jibu lake litakueleza mengi.

Toa na plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe iliyoungua inaonesha injini ilikuwa ikipata hewa nyingi kuliko petroli. Nyeusi yenye majimaji mara nyingi ni kabureta au chujio la hewa, na hayo yanarekebishika.

Hatua ya 4: Sasa uwashe

Mivuto mitano sita kwa choki ni kawaida. Uache ungurume polepole, uangalie cheni: isizunguke. Ulaze ubavu huu, kisha ubavu wa pili. Mlio ukipanda wenyewe, pengine sili (mipira ya kuziba hewa isiingie kwenye injini) zinavuta hewa, na hilo litakuja kuua pistoni. Kisha elekeza ncha ya upanga kwenye gogo jeupe au kipande cha boksi, bila kugusisha, ukanyage mafuta. Baada ya muda mfupi pachoreke mstari wa oili ya kulainishia cheni. Hakuna mstari, pampu ya oili haifanyi kazi au tundu limeziba.

Kata gogo, zima, subiri dakika kumi, washa tena. Kuna misumeno inayokataa ikiwa ya moto, nayo itakuacha shambani na nusu ya mwembe.

Hatua ya 5: Breki

Injini ikinguruma kwa kasi, sukuma mbele kinga ya mkono wa kushoto. Cheni isimame papo hapo. Hapa sina masihara: upanga ukigonga kwa ncha, msumeno huruka kurudi usoni, na breki hiyo ndiyo iliyobaki kati yako na cheni. Isiyofanya kazi, itengenezwe kwanza au usinunue.

Hatua ya 6: Feki, chumvi na bei

Stihl halisi ina namba ya tarakimu 9 iliyogongwa kwenye chuma cha bodi. Ukikuta stika peke yake, kuwa na shaka. Si kwamba feki haikati, ila ilipwe kwa bei ya feki. Uliokaa nyumba za pwani, ukague kwa chini: bodi ya magnesi (madini mepesi) huliwa na chumvi, ikatoa unga mweupe kwenye skrubu.

Cheni butu, upanga ulioliwa, chujio, kamba, hivyo vyote ni vya kupunguzia bei tu. Vihesabu mbele yake.

Ukifika nyumbani, mwaga petroli uliyoikuta tangini. Changanya yako: oili nzuri ya tustroki ya injini za kupozwa kwa hewa, mililita 20 kwa kila lita moja, ikiwa chupa imeandikwa 1:50.