Kagunga hadi Kibirizi kwa Miguu na Boti: Namna ya Kupanga Safari ya Siku Nne

Watu wanaoniuliza habari za kutembea kando ya Ziwa Tanganyika karibu wote huanza na viatu. Viatu tutavifikia. Anza na boti, kwa sababu huku mwisho wa reli ziwa ndiyo barabara, na safari yako itafuata saa za boti utake usitake.

Ninayoieleza hapa ni safari ya siku 4, kulala mara 3, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Unapanda boti hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, unarudi kusini kwa miguu kijiji hadi kijiji, unaivuka Hifadhi ya Gombe kwa boti, kisha unamalizia kwa miguu hadi Kibirizi, mwalo (ufuko wa boti na samaki) ulio jirani na mji. Weka na siku ya tano mfukoni, isiyo na kazi.

Hatua ya 1: Anzia mbali, rudi nyumbani

Boti za abiria hutoka Kibirizi mchana, watu wakishamaliza kununua mahitaji mjini. Alfajiri na asubuhi hurudi kutoka vijijini na dagaa, mawese na wanaokwenda hospitali. Sasa fikiria umeanza kutembea kutoka Kibirizi kwenda kaskazini. Boti ya asubuhi inaelekea ulikotoka, na ya mchana inakupita ukiwa hoi, imejaa hadi ukingoni. Ukianzia Kagunga mambo yanageuka: karibu kila asubuhi kuna boti inayokwenda unakokwenda wewe. Goti likigoma njiani, unashuka mchangani, unapunga shati, nahodha anakata kona, umefika mjini.

Hatua ya 2: Chagua siku

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Vijito vya milimani hujaa na njia huteleza. Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba, ukijua kwamba ndio wakati wa upepo wa kusi na ziwa linaweza kuchafuka. Nahodha akisema leo hatutoki, usimbembeleze. Ziwa hili lina kina cha meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mawimbi yake si ya bwawa.

Angalia pia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Mimi huchagua giza. Ukikaa ufukoni saa 3 usiku unaona taa zimejipanga majini kama mji mwingine, na asubuhi unakula dagaa waliotoka kuvuliwa. Ila ulizia kwanza kama ziwa halijafungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, na aliyekuja miezi ile aliukuta ufuko kimya.

Kisha Jumapili. Safari yangu ya kwanza nilipanga kuondoka kijiji cha Mwamgongo siku hiyo. Nilikaa juu ya begi tangu saa 12 asubuhi, mpaka mama mmoja anayepita na ndoo akaniuliza, "Mwanangu, unamsubiri nani?" Nikamwambia nasubiri boti. Akacheka hadi akaitua ndoo. Mara nyingi Jumapili boti hazitembei, na mimi sikuwa nimeuliza. Anza safari Jumatatu au Jumanne.

Hatua ya 3: Ingia kwenye boti kama mwenyeji

Nenda Kibirizi siku moja kabla. Ulizia boti ya Kagunga, si "ya kaskazini" tu, maana nyingine huishia njiani. Uliza saa ya kuondoka, kisha uongeze saa moja kichwani mwako. Na uliza kama kuna maboya ya kuvaa, huku ukiyaangalia kwa macho. Boti isiyo nayo, au iliyozama hadi ubao wa juu kwa mizigo, iache iende.

Boti yenyewe ni ndefu, ya mbao, ina mashine moja nyuma, na viti ni mbao zilizolazwa kutoka ubavu hadi ubavu. Paa mara nyingi hakuna. Kaa katikati: mbele utalowa, nyuma utavuta moshi wa petroli njia nzima. Chini ya miguu yako yatakuwepo maji, na kijana mwenye kidumu kilichokatwa shingo atakuwa anayachota na kuyamwaga nje bila haraka. Usishtuke, boti za mbao ndivyo zilivyo. Shtuka akianza kuharakisha.

Vyote vya kuogopa maji viingie kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuingia begini. Ufukoni utavua viatu na kupita majini, au vijana watakubeba mgongoni kwa malipo kidogo. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga kwa maelfu, hata meli haikufika ufukoni. Meli ya MV Liemba ilisimama mbali na watu wakapelekwa kwa boti ndogo. Ukisimama kwenye ule mchanga mwembamba, mlima nyuma na maji mbele, utajiuliza walikaa wapi.

Hatua ya 4: Panga pa kulala, na pa kujitambulisha

Ukishuka tu, kabla ya chai, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au kwa mwenyekiti. Beba kitambulisho cha NIDA. Mgeni wa nje abebe pasipoti. Huku ni mpakani, maafisa wa uhamiaji huuliza, na sisi watu wa Kigoma tumezoea kuulizwa kuliko wengine, hayo tuyaache. Ukiandikishwa kijiji kizima kinajua wewe ni nani, na hapo ndipo unapopata chumba.

Vijiji vikubwa vina gesti za kawaida: kitanda, chandarua, ndoo ya maji. Kwingine mwenyekiti atakuelekeza kwa familia. Usifike mikono mitupu. Sukari, sabuni na majani ya chai vinapokelewa vizuri kuliko noti iliyotupwa mezani. Chakula kitakuwa ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa mawese. Salamu ya asubuhi kwa Kiha ni "mwakeye". Mzee ukimwanza nayo, mazungumzo mengine yatakuja yenyewe. Pesa beba taslimu, noti ndogondogo.

Hatua ya 5: Tembea asubuhi

Kati ya Kagunga na Mwamgongo kuna Zashe, Kiziba na Bugamba. Ninaigawa sehemu hii kwa siku 2 na kulala katikati. Kwenye ramani inaonekana fupi. Shida ni kwamba milima inashuka hadi majini, na kati ya ufuko na ufuko kuna pua ya mwamba. Njia inaiacha pwani, inapanda juu, inashuka kwenye bonde lenye kijito, inapanda tena. Usihesabu kilomita, hesabu pua.

Anza saa 12 na nusu. Milima iko mashariki, kwa hiyo jua linachelewa kukufikia na unatembea kivulini wakati upande wa Kongo umeshawaka. Ikifika saa 5 jua limekuwa kali, tafuta mwembe ulale.

Viatu sasa: vyovyote vyenye meno na ulivyokwisha kuvizoea, na kandambili za kuvukia vijito. Maji ya kunywa chemsha, hata yakiwa maangavu kama ya chupani. Kipindupindu kimewahi kuingia vijiji hivi. Kuoga ziwani uliza wenyeji wapi hakuna mamba, na epuka maji yaliyotulia yenye majani, ndimo kichocho kinamokaa. Kwenye mawe unaweza kumwona swila wa majini, mrefu, mwenye pete nyeusi shingoni. Anatafuta samaki. Ana sumu, mwache apite.

Hatua ya 6: Gombe usiikate kwa miguu

Mwamgongo inapakana na hifadhi. Ndani yake hutembei bila kibali, na msituni huingii bila mwongozaji. Ukitaka kuwaona sokwe, pale ambapo Jane Goodall alianza kazi Julai 1960, lipia na ulale Kasekela, ndani ya hifadhi, hiyo ni siku ya ziada. Mwenye mafua asiende, maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu.

Kama huingii, panda boti ya asubuhi Mwamgongo na mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Mtanga, kusini mwa hifadhi. Mwambie kabla ya kulipa nauli, kisha mkumbushe mkiwa njiani. Mashine ikishanguruma, mtu wa katikati hasikiki, ndiyo maana ujumbe hupitishwa mdomo kwa mdomo hadi nyuma. Mara moja "Mtanga" yangu ilifika kwa nahodha ikiwa "mtungi", akautafuta kwenye mizigo.

Hatua ya 7: Mtanga hadi Kibirizi

Hifadhi huanza kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, kwa hiyo kilichobaki ni siku moja ya miguu, tena njia ina watu wengi wa kuuliza. Jaza maji Mtanga. Ukifika Kibirizi mchana utakuta boti za kaskazini zinapakia, magunia yameziba njia, na bodaboda zote zimegeuza pua upande wa wanaoingia. Panda mpaka barabarani, huko utapata ya kukupeleka mjini.