SOMO: Faili la Outlook limeharibika au limejaa? Soma kabla hujafuta chochote

Wakuu, swali la "Outlook imegoma kufunguka, inasema PST ina hitilafu" nimelijibu mara nyingi mno, na karibu kila anayeuliza huja akiwa ameshafuta kitu ambacho hakikupaswa kuguswa. Naliweka lote mahali pamoja. Ni kwa ajili ya Outlook ya kawaida ya Windows, ile Microsoft wanayoiita Classic.

Kwanza jua una faili gani. PST ndiyo ghala lenyewe: barua za akaunti ya POP (ile inayoshusha barua kwenye kompyuta yako), barua za miaka ya nyuma, na chochote ulichokihamishia humo. Likipotea, barua zimekwenda nalo. OST ni nakala ya kilichoko kwenye seva, kwa akaunti za Exchange, Microsoft 365 na Outlook.com, na IMAP pia (ile ambayo barua hubaki kwenye seva) kuanzia Outlook 2013. Kuliona, nenda File, Account Settings, kisha kichupo cha Data Files. PST kwa kawaida hukaa Documents\Outlook Files, na OST hukaa %localappdata%\Microsoft\Outlook.

KUTENGENEZA PST

1. Funga Outlook. Hakikisha kwenye Task Manager kwamba OUTLOOK.EXE haipo tena. Ikiwa bado ipo, ipe dakika kadhaa. Kuikata ikiwa inaandika ni moja ya njia za haraka za kuharibu PST.

2. Nakili faili kwenye diski nyingine. ScanPST (programu ya kurekebisha inayokuja na Office, tazama hatua ya 3) hurekebisha faili lenyewe, na kile isichokielewa hukitupa. Ile nakala ya .bak inayojitengenezea huwekwa kwenye folda ileile, diski ileile, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Fleshi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4, hata fleshi ikiwa na GB 64 tupu. Tumia exFAT au NTFS. Na kunakili kukikwama katikati kwa ujumbe wa hitilafu ya kusoma, SIMAMA: huenda diski yenyewe inakufa. Usikimbilie chkdsk /f (amri ya Windows ya kurekebisha diski) kwenye diski ya hivyo, maana huandika juu ya diski inayokata roho. Okoa data kwanza.

3. Fungua SCANPST.EXE. Kwa Outlook 2016 hadi Microsoft 365 ipo C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16. Kama Office yako ni ya biti 32 ndani ya Windows ya biti 64, anzia Program Files (x86).

4. Chagua faili kwa Browse, bonyeza Start. Inapita awamu 8. Kwa faili kubwa dirisha linaweza kuandika "Not Responding" na kukaa hivyo muda mrefu. Liache.

5. Ikikuta makosa, acha tiki ya kutengeneza nakala ibaki, bonyeza Repair. Ikimaliza, RUDIA. Duru moja mara nyingi haitoshi, kwa sababu kosa lililorekebishwa hufichua jingine lililokuwa nyuma yake. Endelea hadi iseme haikuona kosa. Ukirudia mara kadhaa na bado inakuta makosa yaleyale, acha: tengeneza PST mpya, kisha buruta folda moja moja kutoka la zamani. Folda itakayogoma ndiyo yenye ugonjwa, na hiyo utaichukua barua chache chache.

6. Fungua Outlook, bonyeza Ctrl+6 uone folda zote. Tazama "Lost and Found" na "Recovered Personal Folders". Ndimo barua zilizopoteza folda zake hutupwa. Zihamishe kwenye PST mpya.

OST: HAPA NDIPO WATU HULIA

Kote mtaambiwa "futa OST, itajijenga upya". Ni kweli nusu. Itajijenga kwa kile kilichoko kwenye seva tu. Barua zilizokwama Outbox hazipo kwenye seva. Na kwa IMAP, kalenda na orodha ya anwani huandikwa "This computer only", maana yake zimo ndani ya OST hiyo na si kwingine kokote. Ukiifuta, miadi na namba zote zimekwenda, na seva haina cha kukurudishia. Kwa hiyo:

Kabla ya lolote, zitoe folda hizo kwa File, Open & Export, Import/Export, ziende kwenye PST. Outlook ikigoma, jaribu kuifungua kwa amri ya outlook.exe /safe (hali salama). Ikigoma tena, endesha ScanPST juu ya nakala ya OST, inazikubali pia. Baada ya hapo, Outlook ikiwa imefungwa, badilisha jina la faili la asili liwe .old, USILIFUTE, na usifute profaili ya Outlook (mipangilio ya akaunti zako). OST imefungamana na profaili iliyoizaa. Ukiifuta profaili, Outlook haitaifungua tena hata ukilirudishia faili jina lake.

FAILI LIMEJAA

Kikomo cha PST ni GB 2 kwa muundo wa Outlook 97 hadi 2002, GB 20 kwa Outlook 2003 na 2007, na GB 50 kuanzia 2010. Kikomo cha GB 50 kinaweza kuongezwa kwenye rejista ya Windows kwa MaxLargeFileSize, lakini siwashauri. Faili la GB 80 hurekebishwa kwa siku nzima, na kosa moja linagusa barua zako zote. Ligawe kwa miaka. Kisha safisha Deleted Items, nenda Data Files, Settings, bonyeza Compact Now.

MASWALI

Kipepeo78: Mkuu nimefuta OST na anwani zangu hazijarudi, nifanyeje?

Jibu: Akaunti ni ya aina gani? IMAP? Angalia Recycle Bin sasa hivi. Kama haipo humo, acha kuitumia hiyo kompyuta ili nafasi yake isiandikwe juu, halafu tumia programu ya kufufua mafaili kutoka kwenye kompyuta nyingine. Onyo lipo juu kwa herufi kubwa.

nyundo_moja: ScanPST inapatikana wapi?

Jibu: Hatua ya 3.

Mtoto wa Pwani: Nimefuta barua za GB 8 lakini PST bado ni GB 30 vilevile. Kwa nini isipungue yenyewe?

Jibu: Swali zuri. PST ni kama diski ndogo ndani ya faili moja. Ndani yake kuna vipande vya data na ramani inayoonyesha kipi kinatumika na kipi ni tupu. Ukifuta barua, Outlook hubadilisha ramani tu. Nafasi inabaki humo ikisubiri barua mpya. Compact Now huhamisha vipande vilivyo mwishoni kujaza matundu ya mwanzo, ndipo mkia unakatwa. Ndiyo maana huchukua muda, na ndiyo maana haifai kuifanya kwenye faili lenye makosa: tengeneza kwanza, bana baadaye.

Mtoto wa Pwani: Asante sana. Na PST ya zamani ya GB 2 nitaitambuaje kama Outlook haiifungui?

Jibu: Ifungue nakala yake kwa kihariri cha heksa (programu inayoonyesha baiti za faili moja moja). Baiti 4 za mwanzo ziwe 21 42 44 4E. Zikiwa sifuri tupu, kichwa cha faili kimekufa, na ScanPST itakuambia hilo si faili la Outlook. Kisha hesabu kuanzia 0 hadi baiti ya 10: 0E au 0F ni muundo wa zamani, 17 ni mpya. La zamani lililovuka GB 2 linahitaji kukatwa mkia kwa pst2gb, programu ya zamani ya Microsoft. Kinachokatwa hakirudi, basi kata kidogo, MB 20 hivi, endesha ScanPST, na uongeze tu ikishindikana.

jua_kali: Mbona unazungusha watu? Kuna tovuti unapakia PST inarudi nzima.

Jibu: Unawapa watu usiowajua barua zako zote, mikataba na nywila zilizomo. Sitamshauri mtu hilo. Programu za kulipia zipo, na nyingi huonyesha bure kitakachookolewa. Tazama kwanza, lipa baadaye, na ufanye juu ya nakala.

Bibi Karafuu: Yangu huharibika kila baada ya wiki chache. Documents yangu iko OneDrive. Inahusiana?

Jibu: Ndiyo, huenda ndiyo sababu. Outlook huishikilia PST muda wote, na OneDrive nayo inataka kuipakia kila inapobadilika. Funga Outlook, ihamishe iende C:\Barua, kisha Outlook ikisema haioni faili, ionyeshe mahali papya. Vivyo hivyo kwa folda ya mtandao ya ofisini: muunganisho ukikatika wakati inaandika, PST inaumia.

Kipepeo78: Imepatikana Recycle Bin! Nimeirudisha, anwani zote zipo. Samahani kwa kutosoma.

Jibu: Alhamdulillahi. Zitoe kwenda PST leo hii, usingoje kesho.

tausi_wa_bara: Wa Thunderbird tumesahauliwa?

Jibu: Kwenu ni rahisi zaidi. Kila folda ni faili la mbox lenye maandishi ya kawaida, na pembeni lina faharasa ya .msf. Orodha ya barua ikivurugika, bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Repair Folder. Au funga Thunderbird ufute .msf peke yake, itaundwa upya. Lile lisilo na kiambishi usiliguse, ndilo lenye barua. Kupunguza ukubwa ni File, Compact Folders, na hakikisha diski ina nafasi tupu kuzidi ukubwa wa folda kubwa kuliko zote, maana huandika nakala mpya kabla ya kufuta ya zamani.