Begi la masika

Tunakaa karibu na Mto Rau, Moshi. Mvua kubwa ikinyesha mlimani usiku, mto hujaa hata kama kwetu ni manyunyu. Kwa hiyo Machi ikianza, begi la dharura, la kukimbia nalo maji yakija, liko msumarini nyuma ya mlango.

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku 3. Sisi watano, basi madumu 3 ya lita 20, juu ya meza. Begini chupa mbili tu.

Vitambulisho, vyeti na kadi za bima navifunga kwenye nailoni, naikunja mara mbili, nakaza kwa mpira wa baiskeli. Tochi, betri zikae nje yake, ndani huvuja. Dawa za presha za mama, za wiki nzima, hizo sisahau kamwe. Noti ndogondogo. Namba za ndugu karatasini, pamoja na 114 ya zimamoto.