Fildi Tabora: siku zako za kwanza kijijini

Nimepokea wanafunzi wengi wa ustawi wa jamii wanaokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, vijiji vya wilaya za Urambo na Kaliua. Karibu wote hufika na dodoso refu, wakitaka "kuwajua Wanyamwezi" ndani ya wiki mbili. Dodoso likae kwenye begi siku tatu za kwanza. Mengine fanya hivi.

Hatua ya 1: Soma msimu kabla ya kukata tiketi

Huku tumbaku ndiyo kalenda. Miche huhamishiwa shambani mvua zikianza. Kuanzia Januari watu wanachuma na kukausha. Moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, haulali, na anayeuchochea halali pia. Ukiitisha kikao cha saa mbili wakati huo, utakaa na wasio na nguvu za kwenda shamba. Masoko yakifunguliwa, mzigo ni mwingine. Mara nyingi baba ndiye mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo malipo yanaingia kwa jina lake, ilhali mama na watoto wamechuma pamoja naye. Miezi hiyo ndipo mashauri ya matunzo hujaa mezani kwangu.

Hatua ya 2: Bisha hodi kwa mpangilio

Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, halafu mwenyekiti wa kitongoji. Huyu wa mwisho ndiye wanafunzi humruka, na ndiye anayejua nyumba ipi ina msiba. Msalimie na kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Mgeni asiyejulikana kwake hulala na maswali.

Usiingie na gari la serikali. Mwaka mmoja niliwashusha wanafunzi wanne kwa gari la ofisi, na kabla hatujasalimia, akina mama walishapanga foleni wakidhani ni uandikishaji wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ilituchukua wiki nzima kuaminika. Panda bodaboda.

Hatua ya 3: Tumia mikono

Asubuhi salimia "Mwangaluka", kisha tulia. Salamu huku haina haraka, utaulizwa habari za nyumbani kwenu hadi uishiwe. Ukikuta akina mama wanamenya viazi vitamu vya michembe, vile vya kukatwa na kuanikwa, omba kisu. Mikono ikiwa kazini na macho yako kwenye viazi, mama husema yale ambayo asingekwambia mkitazamana.

Hatua ya 4: Usianze na kabila

Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Wanyamwezi, Wasukuma waliofuata malisho, na Waha waliokuja kulima. Ukifika Ulyankulu, uangalifu uwe mara mbili. Makazi yale yalipokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Kumuuliza mtu hadharani "wewe ni kabila gani?" ni kumrudisha kwenye foleni ya makaratasi ya uraia.

Hatua ya 5: Ukimkuta mtoto shambani

Usipige picha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini kazi ya hatari imekatazwa kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande hupitisha nikotini kwenye ngozi. Mtoto hupata kizunguzungu na kutapika, na nyumbani wanasema ni malaria. Uliza kwa upole alikula nini na aliamka saa ngapi. Kisha mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo. Hatari ikiwa ya papo kwa papo, piga 116, namba ya kusaidia watoto. Usimwahidi mzazi chochote, hata daftari.

Hatua ya 6: Wasomee ulichoandika

Andika usiku, bila majina. Kabla ya kuondoka, omba nafasi kwenye mkutano wa kitongoji usome yale ya jumla. Ya nyumba ya mtu yabaki kwako. Kundi langu la mwisho lilisoma kwamba wake wa pili "wanaishi peke yao". Bibi mmoja akacheka mpaka akashika mbavu. "Wajukuu zangu, mke ana nyumba yake, jiko lake na shamba lake. Aliye peke yake ni mume, hajui leo atakula wapi." Wakafuta.