SOMO: Programu iliyokuja na saundi kadi, ujifunze au uachane nayo?

Wakuu, ukinunua saundi kadi mpya (kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta), kwenye boksi huwa kuna karatasi ya programu ya kurekodi. Focusrite Scarlett huja na Ableton Live Lite, nyingine huja na Cubase LE. Vijana wengi hapa Mbeya karatasi hiyo wanaitupa, wanakimbilia programu ya kukraki kwenye flashi ya mshikaji. Mimi nasema ijifunze, angalau mpaka umalize wimbo mmoja. Kinachokubana mwanzoni ni matundu mawili ya maiki, programu bado sana.

1. Jisajili kwenye tovuti ya kampuni kwa namba iliyobandikwa chini ya kifaa. Ukinunua mtumba, muulize muuzaji kama namba hiyo ameshaitumia.

2. Kwa Windows, weka draiva ya ASIO ya kifaa chenyewe, ndiyo inayopitisha sauti bila kuchelewa sana. Bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata) iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi. Sauti ikianza kukwaruza panda 256. Ukifika kwenye miksi weka hata 1024.

3. Chagua biti 24, kHz 44.1. Traki moja ya mono hula kama MB 8 kwa dakika.

4. Pima sauti mwimbaji akiwa kwenye kiitikio. Usipime kwa "haloo haloo", maana watu huimba mara mbili ya hapo. Kilele kiishie karibu na dB -10 kwenye mita ya programu. Maiki ya kondensa inataka umeme wa 48V uwashwe kwenye saundi kadi.

5. Sasa kwaya, wateja wakubwa wa huku kwetu. Rekodi kinanda cha mwongozo pamoja na metronomu, kisha ingiza kundi moja moja wakisikiliza kwa hedifoni: soprano, alto, tena, besi. Hizo ni traki nne. Ongeza soloisti, kinanda, gitaa na ngoma, zinakuwa nane, na hata Pro Tools Intro, programu nyingine ya bure, inakupa nane za sauti. Ukitaka soprano waimbe mara ya pili ili wajae, warekodi kabla traki nane hazijajaa, kisha hifadhi mradi kwa jina jingine, unganisha soprano zote mbili kuwa faili moja la sauti la WAV, irudishe ndani, zile za mwanzo zifute. Hapo unalazimika kuamua sauti mapema. Prodyuza wengi wenye traki mia hawajawahi kuamua chochote.

Masika rekodi asubuhi. Mvua ya jioni juu ya bati haina programu ya kuitoa.

MASWALI

Mwanachama, Mafinga: Shikamoo mwalimu. Studio ninayotaka kuingia wanatumia Cubase. Live Lite si itanipotezea muda?

Marahaba. Kwa lengo hilo tafuta Cubase LE, mradi wake utafunguka kwenye Cubase kubwa. Ukishaanza na Live Lite, toa kila traki kama WAV, zote zianzie sekunde sifuri, uwapelekee.

Mwanachama, Tukuyu: Mkuu, mimi natengeneza biti (midundo) tu, maiki sina.

Basi saundi kadi isubiri. Jaribu FL Studio, ila ile ya majaribio haikufungulii tena mradi uliohifadhi mpaka uinunue, na toleo lake dogo la Fruity halirekodi sauti. Ukipata msanii utakwama.

Mwanachama, Njombe: Ya kukraki inapiga kazi vizuri tu, nijibane kwa nini?

Ili ikubali wanakwambia uzime antivairasi, kwenye kompyuta yenye kazi za wateja. Badala yake kuna programu ya Reaper, unaijaribu siku 60, na leseni ya wenye kipato kidogo ni dola 60.

Mwanachama, Iringa: Kwaya ya watu 30, tunataka kurekodi laivu kanisani, kila kundi na maiki yake.

Makundi manne, ukiongeza soloisti na vyombo, hapo unahitaji saundi kadi ya matundu manane. Angalia pia programu inapokea maiki ngapi kwa mpigo, maana baadhi ya matoleo madogo yana kikomo. Kabla hujanunua, kaangalie nyuma ya mixer ya kanisa: kama ina USB inayotoa kila chaneli peke yake, unachohitaji ni waya na laptopu.